Nilivyoaibika Mbele ya Mbuzi

Jamani wa nyumbani Malukhu, leo nimeaibika. Tena mbele ya mbuzi!

Mnajua nilihamishwa kutoka Mbale, nikaletwa hapa kambini Jinja kujiunga na kikosi kinachokwenda vitani. Sikumjua mtu hata mmoja. Wenzangu wanajuana zamani, karibu wote Waislamu, wanakula sinia moja. Mimi nani? Mgeni kutoka mlimani. Nikawaza: huko mbele nikipigwa risasi, nani atahangaika kuniburura?

Siku ya kwanza Sajini Rajabu akaniuliza jina.

"Moses, afande."

"Aa, Musa! Karibu, ndugu. Kaa, kula."

Sinia lilikuwa la pilau. Upande wa pili wa bwalo kulikuwa na maharage yenye wadudu. Nikakaa. (Sikudanganya. Nilinyamaza tu, nikatafuna.) Wiki tatu nimetafuna. Wakienda kuswali, mimi nashikwa na tumbo.

Leo asubuhi amri imekuja: kesho tunaondoka. Sajini akaleta mbuzi wa sadaka, tuombewe heri ya safari. Akanikabidhi kisu.

"Musa, wewe mgeni yetu. Heshima ni yako. Chinja."

Mimi! Mchinjaji wa kule kwetu Namatala nimemwona mara nyingi akichinja, lakini macho yangu siku zote yalikuwa kwenye nyama.

"Geuza yeye Kibla."

Nikamgeuza kuelekea ziwani, kumbe Kibla iko upande wa pili. Mtu akakohoa.

"Taja jina ya Mungu, bwana!"

Ulimi ukaenda ulikozoea: "Kwa jina la Baba, na la Mwana..." Na mkono nao, wenye kisu, ukapanda hadi kwenye paji la uso!

Wote wakanitazama, hata mbuzi. Kisha akachomoka, akaangusha birika la udhu, akatimua mbio kuelekea mtaa wa Mpumudde. Tukamfuata kikosi kizima. Watu wa Mpumudde kuona askari wanakuja mbio, wakafunga maduka. Mama mmoja akainua mikono juu. (Mama, tunatafuta mbuzi!)

Tulipomrudisha, nikapiga saluti nikingoja kutiwa mahabusu. "Afande, nisamehe. Mimi ni Mkristo."

Sajini akakaa chini kwa kicheko. "Sisi najua tangu siku ya kwanza, bwana! Kila chakula wewe nachora msalaba kwa kifua, halafu nakula kushinda sisi yote. Leo tulitaka kuona mwisho yako."

Akachinja mwenyewe. Paja akaniwekea mimi.

Sasa kambi nzima inaniita Padri. Nilichukia, nasema kweli. Lakini jioni hii wawili kati yao wamenijia, kila mmoja kwa siri yake: "Padri, kesho ombea mimi pia." Nikaitikia kwa kichwa.

Chekeni basi, ila Mama asijue. Petro alimkana Yesu kwa hofu. Mwana wa Mama amemkana kwa pilau.