Tabaka la Kati, Upande wa Virginia

Jumapili, 3 Agosti

Nimetukanwa. Tena mezani kwangu, mbele ya kuku wa kukaanga na mke wangu Oneida. Aliyenitukana ni kaka yake, Hobart Fleenor. Huyu ndiye aliyekwama mwaka jana kwenye dirisha la nyumba yake mwenyewe, tukamtoa kwa mafuta ya kupikia.

Ilikuwa hivi. Baada ya ibada, Hobart na mkewe Wilma walivuka barabara kuja kula, kama kila Jumapili. Ni hatua ishirini tu. Sisi tuko Virginia, wao wako Tennessee, na mpaka ni vibamba vya shaba katikati ya lami. Miaka yote sijaona tofauti, isipokuwa theluji ya upande wao huzolewa kwanza.

Hobart akatoa kipande cha gazeti mfukoni, akasoma kwa sauti ya mchungaji. Gazeti limepiga hesabu kila jimbo: nyumba iingize kiasi gani kwa mwaka ndipo iitwe ya tabaka la kati. Nyumba kama yake, Tennessee, ni dola elfu thelathini na saba. Yeye na Wilma wanaingiza arobaini. Tabaka la kati! Nyumba kama yangu, Virginia, elfu sitini. Mimi na Oneida tunaingiza hamsini na moja. Tabaka la chini!

Yaani nimemzidi elfu kumi na moja, halafu mimi ndiye wa chini! Tunafanya kazi kiwanda kimoja cha magodoro, mashine zetu zinatazamana. Nina miaka thelathini na moja pale, sijachelewa hata asubuhi moja. Iliniuma. Naandika wazi, iliniuma sana.

Hobart akasema, "Usijali shemeji, na wa chini nao ni watu," kisha akachukua paja la mwisho. Akaongeza kwamba tarehe kumi na saba, kwenye mkutano wa ukoo wa Fleenor, atasimama na kulisoma gazeti hilo mbele ya wote. Watu sitini!

Mama Icie, mama mkwe wangu, tunayeishi naye tangu afiwe na mumewe, aliendelea kutafuna, ananitazama.

Nina wiki mbili za kupanda tabaka.

Jumatatu, 4 Agosti

Hobart ameshatangaza kiwanda kizima. Nimekuta sarafu ya senti kumi juu ya mashine yangu na kikaratasi: "Mchango wetu." Nikaitia mfukoni. Sikuwapa raha ya kuniona nimekasirika.

Jioni nikapata wazo. Limekuja lenyewe, kama mawazo yangu yote bora. Tatizo si mimi. Tatizo ni jimbo! Hamsini na moja yangu ng'ambo ya barabara ni pesa ya mtu wa heshima. Nyumba haiwezi kuvuka, lakini mimi nina karavani nyuma ya nyumba, yenye kitanda, jiko na kabati. Nitaivuta hatua ishirini, niiegeshe kando ya kanisa la Wabaptisti, Tennessee. Tutalala humo hadi mkutano upite.

Nimemweleza Oneida. Akasema yeye ameshalala kwenye hiyo karavani mara moja, fungate yetu, na bado mgongo unamkumbusha. Nimeandika kwamba amekubali kwa kiasi.

Jumatano, 6 Agosti

Jioni baada ya kazi nimeifunga karavani kwenye pikapu. Ushindi ulikuwa umefika kabisa. Umefika hadi katikati ya barabara, tairi la kushoto likapata pancha juu ya vibamba vya shaba.

Haiendi, hairudi. Kitanda kimeingia Tennessee, jiko limebaki Virginia. Nimekuwa mtu wa kulala tabaka la kati na kupika tabaka la chini.

Magari yakajazana pande zote mbili. Akaja polisi wa Virginia, akaja na wa Tennessee. Nilitegemea wagombane, nipate nafasi ya kutafuta jeki. Kumbe walisoma darasa moja! Wakaanza kuulizana habari za wazazi, kisha kila mmoja akaniandikia faini yake. Yule wa Tennessee akauliza naishi wapi. Nikamwonyesha kitanda. Yule wa Virginia akauliza kama nimekunywa.

Hobart alikuwa kibarazani kwake na glasi ya chai baridi, anapiga makofi. "Karibu ng'ambo, shemeji! Ingia na miguu yote!"

Nimefunga tairi la akiba, karavani imerudi nyuma ya nyumba. Mama Icie ameniwekea mkate wa mahindi wa moto na maharage bila kuuliza chochote. Nimekula sahani tatu. Huyu mama anajua kupika, hilo nampa.

Ijumaa, 8 Agosti

Siku kuu! Siku kuu kabisa!

Nimekwenda kunyoa. Pale kwa kinyozi, chini ya rundo la magazeti ya uvuvi, nimekuta gazeti lenyewe, zima. Hobart alikuwa amekata jedwali na kuacha maelezo ya chini! Nimeyasoma mara nne, nusu ya kichwa ikiwa imenyolewa.

Siri ni vichwa. Gazeti linahesabu vichwa vilivyomo nyumbani. Kila kichwa kinachoongezeka, kiwango kinapanda. Kichwa kikitoka, kiwango kinashuka. Nyumba yangu inatakiwa sitini kwa sababu tuko vichwa vitatu: mimi, Oneida na Mama Icie. Tukibaki wawili, Virginia hiihii inataka arobaini na tisa tu. Nina hamsini na moja!

Halafu nikashuka mstari wa Tennessee. Vichwa viwili, thelathini na saba. Vichwa vitatu, arobaini na tano. Hobart ana arobaini.

Nikautazama utukufu wa jambo hili. Kichwa kimoja tu, chenye mvi, kikivuka barabara, mimi napanda na Hobart anazama. Kwa mkupuo mmoja! Nimempa kinyozi bahashishi ya dola tano na ile senti kumi ya mchango.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimezungumza na Mama Icie. Kwa upole mwingi. Nimemwambia kwamba Hobart ni mwanawe wa kiume wa pekee, na kwamba nimemkuta kiwandani mara mbili akifuta machozi kwa kumkumbuka mama yake. (Alikuwa na mafua.) Nimemwambia kibaraza cha Tennessee kinapata jua la asubuhi, zuri kwa magoti.

Mama Icie akaweka chini maharage aliyokuwa akiyachambua. Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema hakika kabisa. Akaniuliza kama nimepiga hesabu yangu vizuri. Nikashtuka kidogo, nikasema hesabu gani tena Mama, hapa ni mapenzi tu. Akasema, "Haya mwanangu, usije ukasema sikukuuliza."

Oneida alikuwa kazini, jiko la shule, wanasafisha kabla ya muhula. Amerudi nikamwambia kwamba mama yake ameamua mwenyewe. Amenitazama muda mrefu sana.

Jumapili, 10 Agosti

Baada ya chakula nimemvuta Hobart pembeni. Nikamwambia watu wanasema mtu wa tabaka la kati anayemwacha mama yake alelewe na mkwe wa tabaka la chini anajiaibisha. Ameiva kama nyanya. Akapiga meza, akasema kuanzia kesho mama yake analala kwake.

Sikucheka hadi nilipofika bafuni.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimemhamisha. Nimeomba ruhusa ya nusu siku kiwandani, ya kwanza katika miaka thelathini na moja, na ilistahili. Toroli safari nne: kiti cha kubembea, masanduku mawili, mbegu zake za maharage, na kikaango cha chuma alichorithi kwa bibi yake. Mama Icie alitembea mbele, pochi yake kifuani, kama anakagua gwaride.

Akataka tupitie posta kwanza abadilishe anwani ya karatasi zake za pensheni. Amefanya kazi miaka arobaini kwenye kiwanda chetu hichohicho, kitengo cha kushona. Pensheni yenyewe sisi tunaiita pesa ya ugoro. Nilimsubiri nje nikipiga mluzi.

Kwenye vibamba vya shaba alisimama, akageuka kuitazama nyumba yangu. Lakini mguu wake ukavuka, na wakati uleule, bila mtu yeyote barabarani kujua, nikapanda tabaka.

Alhamisi, 14 Agosti

Maisha ya tabaka la kati ni mazuri. Ni kimya. Oneida haongei sana, nadhani anazoea cheo. Mkate wa mahindi ameujaribu kwa sufuria ya kawaida, umetoka mgumu, nimeusifu. Jioni harufu ya kikaango inavuka barabara na kuingia dirishani. Nimefunga dirisha.

Hobart kiwandani anajigamba kwamba anakula vizuri. Kula, Hobart. Kula hadi Jumapili.

Jumapili, 17 Agosti

Mkutano wa ukoo. Meza ndefu chini ya hema, mayai ya kujaza, kuku, saladi aina saba, na keki ya tufaha kavu ya Mama Icie, tabaka kumi na mbili, nimezihesabu.

Baada ya sala Hobart akasimama na kipande chake cha gazeti. Hakufika mbali. Nikapanda juu ya benchi na gazeti zima mkononi! Nikasoma maelezo ya chini, neno kwa neno. Nikatangaza: Stallard, yaani mimi, Virginia, vichwa viwili, yupo ndani! Fleenor, Tennessee, vichwa vitatu, yupo nje! Binamu mmoja akapiga mluzi. Kipande kikamponyoka Hobart kikaangukia saladi ya viazi. Wilma akaziba mdomo. Watu sitini wakamcheka Hobart, si mimi! Sijawahi kuwa na furaha kama ile, hata siku ya harusi, na naomba Oneida asisome hapa.

Kisha Mama Icie akainua uma. Akaniomba nisome tena, gazeti linasema pato la nani. Nikasoma: pato la wote wanaoishi nyumbani humo. Akauliza, wote? Nikasema, wote.

Akasema pensheni yake ni elfu kumi na tatu kwa mwaka.

Wilma, ambaye hupiga mwenyewe hesabu za saluni yake, akasema polepole kwamba arobaini na kumi na tatu ni hamsini na tatu, basi Hobart yupo ndani tena, na nafasi inabaki. Hobart akambusu mama yake kichwani.

"Na wewe Verlin," Mama Icie akasema, "hamsini na moja yako na kumi na tatu yangu ni ngapi?"

Sitini na nne. Kiwango kilikuwa sitini. Akasema kwamba tangu siku ile alipoweka kiti chake kwangu nimekuwa mtu wa tabaka la kati, wala hakunificha, alinisubiri tu siku moja nimhesabu.

Watu wakapiga makofi. Nilishuka kwenye benchi nikainama kidogo kuwashukuru, kwa sababu ukweli haubadiliki: na bila yeye pia nipo ndani! Kwa elfu mbili! Nimefika kwa njia mbili tofauti, na nani katika ukoo huu anaweza kusema hivyo?

Oneida hakupiga makofi. Aliweka chini bakuli la mayai, akauliza, kwa sauti ndogo, kama ni kwa ajili ya hicho kigazeti ndipo nikamtoa mama yake nyumbani. Nilimjibu kwamba jua la asubuhi lilichangia.

Jumanne, 19 Agosti

Jana Oneida amehamia kwa Hobart. Alisema, "Siku ukijua kuhesabu watu, njoo uniite." Amechukua nguo, mto wake na redio. Nilimsaidia na toroli. Safari mbili tu, mtu asiye na makuu.

Kusema kweli usiku wa kwanza ulikuwa mrefu. Nilisimama jikoni nikaona vikombe vitatu vimening'inia na nikakaa chini kidogo.

Halafu nikachukua gazeti.

Virginia, kichwa kimoja: elfu thelathini na tano. Mshahara wangu peke yangu: thelathini na sita. NIPO NDANI! Wamenitoka wawili na bado hawajaweza kunishusha! Vyumba vitano kwa kichwa kimoja, tajiri gani wa New York ana hivyo? Na Hobart? Sasa ana vichwa vinne. Tennessee, vichwa vinne: hamsini na mbili. Yeye ana arobaini. Amezama mzimamzima, na hajui! Pensheni siihesabu, nimechoka na habari za pensheni. Wala mshahara wa Oneida, huo ni wa jiko la shule.

Jioni hii wote wanne wako kibarazani ng'ambo, wanakula keki ya tufaha, redio yetu inaimba. Mama Icie amenipungia uma, akasema kwa sauti kwamba kuna kipande changu na nafasi kwenye benchi. Oneida naye alikuwa anatazama upande wangu. Nikawajibu kwamba asanteni, lakini mimi nikivuka nitawaongezea kichwa cha tano, na sipendi kuwatesa watu wa tabaka la chini. Nikaingia ndani kula maharage ya kopo. Ya baridi, lakini ya kwangu.

Kapteni, mbwa wetu, amekaa mlangoni ananusa harufu ya kikaango. Nimeyapitia maelezo ya chini mara tatu. Hakuna mahali gazeti linaposema kama mbwa ni kichwa au si kichwa. Sitaki kubahatisha. Kesho asubuhi nampeleka ng'ambo.