Barua Isiyo na Viatu

Kila asubuhi, kabla hajagusa chai, Mzee Ndululu alitoa mfukoni herufi moja ya kuchapia, ya madini ya risasi, K kubwa, akaibonyeza kwenye pedi ya wino, kisha akaipiga kwenye kiganja chake cha kushoto. Halafu alikikagua kiganja hicho kama daktari anayesoma eksirei.

"Imesimama vizuri," alitangaza. "Serikali iko salama."

Ndipo ofisi ikafunguliwa!

Ndululu alikuwa karani mkuu wa shule ya harambee nilikofundisha, nje kidogo ya Kathonzweni. Kwa maelezo yake mwenyewe, duniani kote walikuwapo watu wawili tu walioelewa herufi: Mzungu aliyezichora, na yeye. Ujuzi huo aliuokota katika kiwanda cha uchapaji cha misheni, mwaka wa sitini na saba, alikofanya kazi miezi minane. Hakupenda kutaja kwamba kazi yenyewe ilikuwa kufagia, na kwamba ile K aliipata chini ya meza, kwenye takataka.

"Jina la chapa hii ni Times, mwalimu," alinifundisha. "Herufi ya kiungwana! Tazama hii A. Mguu huu mwembamba, ule mnene, kama mtu amebeba mtungi upande mmoja. Na hivi vistari vya chini? Viatu! Herufi bila viatu ni chokora. Na serikali haitumi chokora."

Alisema hayo akiwa amevaa akala za tairi la lori.

Barua yangu ya kuajiriwa aliizuia siku nne. Wino ulikuwa umefifia kidogo, na T moja ilikuwa imepoteza kisigino. "Huyu T anachechemea," alisema, akaifungia kabatini. Siku nne nilikaa kwenye benchi lake, digrii mapajani, nisithubutu hata kukohoa.

Makueni ilipofanywa wilaya, ofisi ya elimu kule mjini Wote ilitafuta karani wa wilaya. Ndululu aliomba, akahojiwa, akarudi akitembea katikati ya barabara. Alikuwa amebakiza miaka michache astaafu, na shule yetu humpa mstaafu soda na sala. Kule Wote kulikuwa na pensheni! Akashona suti ya Kaunda rangi ya ugoro. Akaaga watu wote, hata mbuzi wa mpishi.

"Barua yangu ikikuja," alimwambia Mutindi, mpiga taipu wetu, "utaijua kwa viatu, hata ikiwa bado iko ndani ya bahasha."

"Na Musembi je? Si hata yeye aliomba?"

Musembi alikuwa karani wa shule ya jirani. Ndululu alicheka mpaka akashika meza.

"Musembi! Huyo anaandika kama gunia ya mbolea!"

Barua ikafika Jumatatu. Ndululu aliifungua mbele yetu sote, suti ikiwa mwilini. Tabasamu likamfia mdomoni. Herufi zilikuwa nyororo, zimenyooka kama njiti za kiberiti. Si kisigino, si soli! Miguu mitupu kutoka juu mpaka chini.

"Hii," alisema polepole, "ni kesi ya jela."

"Si usome kwanza, Mzee," Mutindi akasema.

"Nisome nini, mwaitu? Mtu akikuja kwako miguu chini akuambie yeye ni DC, utamsikiliza? Hii ni kazi ya Musembi! Anataka nifike Wote na barua feki nishikwe!"

Akatoa muhuri wa BANDIA aliouchonga mwenyewe kutoka soli ya ndara, akaipiga barua mara tatu, pa! pa! pa! Kisha akataipu kurasa mbili za kuifundisha ofisi ya wilaya jinsi ya kuitambua serikali, na kuomba mwandishi wa uchafu ule awekwe ndani. Barua na kurasa hizo zikatumwa Wote kwa posta siku hiyohiyo.

Akakaa kungoja barua halisi. Wiki moja. Tatu. Suti ikaanza kung'aa magotini.

Wiki ya tano, gari la serikali likaingia uwanjani. Akashuka Musembi, tai shingoni, faili kwapani.

"Habari ya kazi, mzee wetu."

"Umekuja kukiri?"

Musembi alifungua faili. Aliweka mezani barua yenye mihuri mitatu myekundu, na kando yake akaweka nyingine, nayo pekupeku vilevile.

"Hii ya pili ni yangu," alisema. "Ofisi ilinunua kompyuta, mzee. Siku hizi barua zote zinatoka hivi. Wakaona wa kwanza amekataa kazi, wakaita wa pili."

Musembi akalifunga faili.

"Zile kurasa zako mbili zimebandikwa ukutani pale Wote. Watu wanazisoma saa ya chai. Ziko na viatu kweli!"

Alichukua orodha ya wanafunzi aliyoijia, akaondoka. Mutindi akakimbilia nyuma ya tangi la maji kucheka. Ndululu alibaki kitini, akikitazama kiganja chake. Ile K ya asubuhi ilikuwa imelowa jasho, haina mbele wala nyuma.

Tangu siku za benchi sikuwahi kumuuliza mzee huyo chochote. Siku hiyo niliuliza.

"Mzee, kwani ile barua uliisoma?"

"Hapana," akasema. "Niliangalia viatu."