Siku Tatu Bila Moshi Mpanda

Wananchi wote wa Mpanda, kuanzia Majengo hadi Kakese, wanatangaziwa kwamba tangu Jumatatu hii hakuna moshi utakaoruhusiwa kupanda juu bila kibali.

Tangazo hilo nililiandika mimi, Nathanael, katibu wa Kitengo cha Usimamizi wa Moshi Unaoonekana na Usioonekana, na nililibandika kwa mkono wangu kwenye nguzo kumi na moja za umeme. Lilisainiwa na mkuu wa kitengo, Mheshimiwa Gelasius. Hakuwahi kuchaguliwa popote, lakini neno "mheshimiwa" lilimkaa vizuri.

Kitengo kilikuwa na vyumba viwili, watumishi wanne na kipima hewa kimoja. Hicho ni kisanduku cheupe, ukubwa wa redio ndogo. Kinavuta hewa, kinahesabu masizi na hewa ya ukaa, kisha kinaonyesha namba. Kitabu chake kilionya kisiachwe penye vumbi jingi. Sisi ni watu wa kufuata maelekezo, tukakifungia kabatini. Kila asubuhi nilifungua kabati, nikasoma namba, nikaijaza kwenye taarifa. Kwa miezi saba mfululizo hewa ya Mpanda ilikuwa nzuri sana, hasa mlango wa kabati ulipofungwa vizuri.

Fomu ya kuomba kibali ilikuwa na kurasa sita tu. Mwombaji alieleza rangi ya moshi wake, saa utakapotoka, unakoelekea, na nani ataupokea huko. Majibu yalitolewa ndani ya siku kumi na nne za kazi, endapo kikao kimetimia. Kikao kilikuwa bado hakijatimia.

Alhamisi akaja mama mmoja kutoka Kakese, Msukuma, mchoma tofali, jina lake Nyanzala. Udongo ulikuwa umemkaukia miguuni hadi magotini. Nikakagua fomu yake. Mahali pa "unakoelekea" alikuwa ameandika neno moja: juu.

"Haijajitosheleza hii, mama," nikamwambia. "Juu wapi?"

"Juu huko juu, baba. Kwani wa kwako unaendaga wapi?"

Nikaandika: haijulikani.

"Sikiliza, baba katibu," akasema. "Tofali zangu elfu kumi na mbili nimeshazipanga tanuru, nimeshalikandika udongo. Mawingu yameanza kukaa upande wa Ugalla. Mvua ikizikuta mbichi, zinarudi kuwa tope. Kazi ya miezi mitatu hiyo. Nyie niruhusuni nichome kesho. Na jambo la pili, nileteeni hicho kisanduku chenu."

"Cha nini?"

"Nipimieni. Mama mkwe wangu anakohoa tangu mwaka juzi, nataka kujua kama ni moshi wangu ama ni kitu kingine. Nasikia kuna matanuru ya bomba refu, yanachomea pumba za mpunga, moshi wake mdogo. Mkinionyesha kwamba ni mimi, nabadilisha."

Haikuwahi kutokea mwananchi kuomba kupimwa. Fomu ya jambo hilo haikuwepo. Nikampeleka kwa Mheshimiwa.

"Kisanduku hakitoki, mama," akasema Gelasius. "Kikienda kwenye moshi kitachafuka. Halafu Jumanne tunapokea mgeni kutoka makao makuu. Jumapili, Jumatatu na Jumanne hakuna kuwasha kitu mji mzima, hata wale wanaowasha kwa kujificha, na wewe hata kesho usiwashe, maana tanuru likishawaka halizimiki kwa siku moja. Mgeni akute hewa imetulia."

"Na mvua, mzee?"

"Mvua iko chini ya idara nyingine."

Nyanzala akajifunga kitenge chake vizuri, akaondoka.

Zoezi la siku tatu lilifanikiwa kwa asilimia mia moja. Mafundi wa kuchomelea walikaa juu ya mageti yasiyokamilika. Mama ntilie waliuza ndizi mbivu na maji. Mji mzima uliinama chini ya utekelezaji. Jumatatu alasiri ikanyesha mvua ya saa mbili, kubwa, ya kwanza ya msimu, nami nikaandika kwamba hata mbingu zimeunga mkono usafi wa hewa.

Jumanne akafika Daktari Theopista, mwanamke mfupi mwenye viatu vya kutembelea porini. Alikitoa kisanduku kabatini bila hata kuomba fomu. Akakiweka sokoni Majengo, akakipeleka barabara ya Kakese, akakirudisha. Kila mahali namba ndogo.

"Hewa safi kabisa," akasema.

"Ni uongozi tu, daktari," akajibu Gelasius.

"Basi nyie hamnihitaji. Nilikuja na mradi wa matanuru bora, magari mawili, na mafunzo nje ya nchi kwa viongozi. Lakini ni wa maeneo yenye moshi. Nitaandika upelekwe mkoa mwingine. Kesho asubuhi napima mara ya mwisho, halafu nasafiri."

Habari za mafunzo Gelasius alikuwa ameshazisikia, na picha ya pasipoti alikuwa ameshapiga.

Alasiri hiyo tukazunguka mji mzima kuomba moshi. Claude, mwenye mashine ya kukoboa mpunga Majengo, alisema mashine yake ni ya umeme. Moshi wake ni wa kuchoma pumba, na pumba zimelowa zote. Fundi mmoja alituuliza kama tuna kibali. Tukaenda Kakese.

Tanuru la Nyanzala halikuwepo. Palikuwa na kichuguu chekundu kilichobonyea, na tope lake lilikuwa limetambaa hadi njiani. Yeye alikuwa analizoa kwa jembe. Mama mkwe wake alikuwa amekaa mlangoni anamenya karanga.

"Karibuni," akasema Nyanzala bila kusimama. "Jibu langu nimeshalipata bila kisanduku chenu. Siku hizi tatu mama hajakohoa hata mara moja. Kumbe ni moshi wa matanuru, wangu na wa majirani zangu. Miaka yote namuua mtu taratibu, sijui."

Akaendelea kuzoa.

Gelasius akasafisha koo. "Pole sana, mama. Sasa, kwa manufaa ya mkoa, unaweza kuwasha kidogo tu? Hadi kesho saa nne?"

"Tope haliwaki, mzee."

Tukarudi mjini na tope lake kwenye viatu.

Asubuhi tukachukua hatua za dharura. Nyuma ya ofisi tuliweka matairi mawili, debe la oili chafu, na maombi yote mia mbili na kumi na manne ya vibali vya moshi, ambayo yalikuwa makavu sana kwa sababu hayakuwahi kuguswa. Gelasius alipepea mwenyewe kwa ubao wa matangazo. Moshi ukapanda mweusi, mnene, ukafunika paa. Daktari Theopista alishuka kwenye gari ameziba pua. Kisanduku kilihesabu, kikahesabu, kisha kikaacha kuonyesha namba, kikaonyesha vistari.

"Hiki ni kiwanda gani?" akauliza.

"Ni ofisi, daktari," akasema Gelasius, uso mzima masizi.

"Mnazalisha nini?"

Mheshimiwa alikuwa anakohoa, nikajibu kwa niaba yake. "Vibali."

"Vimetoka vingapi?"

"Bado hakijatoka hata kimoja."

Wakati huohuo Nyanzala akashuka kwenye bodaboda. "Nimefuata fomu yangu," akasema. Nikamwonyesha moto kwa kidole. Akautazama ule moshi kwa macho ya mtu wa kazi hiyo, halafu akamgeukia daktari, akamsimulia yote kuanzia kisanduku hadi tope. Daktari alisikiliza amesimama, kalamu mkononi. Hakutuuliza sisi swali lingine.

Barua ilikuja baada ya wiki mbili. Mradi unabaki Mpanda. Chanzo kimoja tu cha uchafuzi kimethibitishwa kwa kipimo, nacho ni Kitengo chetu, hivyo kifungwe mpaka watumishi wake wafuzu mafunzo. Tanuru la mfano, lenye bomba refu na la kuchomea pumba, lijengwe kwa Nyanzala, ambaye ndiye mkufunzi. Magari mawili yabebe pumba. Tofali elfu kumi na mbili zilizoharibika zifyatuliwe upya na wanafunzi wake, ndio sisi.

Kwa hiyo sasa ofisi yetu iko chini ya turubai, Kakese. Kisanduku kimetundikwa kwenye nguzo karibu na mlango wa mama mkwe, kimejaa vumbi, na kinafanya kazi. Jana Gelasius alikuwa amekunja suruali, mikono imezama kwenye udongo. Nyanzala akapita kwenye mstari anakagua, akasimama.

"Hili limepinda, mzee. Rudia."

Mheshimiwa akarudia.

Nikatoa daftari, nikaandika kwamba uongozi wa juu umeshuka hadi ngazi ya chini kabisa kushirikiana na wananchi. Nyanzala akaniona.

"Umeandika nini, baba katibu?"

Nikamsomea. Akasikiliza kwa adabu hadi mwisho.

"Vizuri," akasema. "Sasa weka hilo daftari. Wewe leo bado tofali mia tatu."

Nikavua viatu.