Samli ya Ushindi

Jumatano, 11 Juni 2025
Nimekuwa meneja wa timu ya mpira wa kikapu ya viti mwendo hapa Bariadi. Nimejiteua mwenyewe. Nahodha wao, Ng'washi, kaniuliza najua nini kuhusu kikapu. Nikamjibu nimeongoza Bagika, kundi letu la ngoma, miaka mingi, na shindano ni shindano. Akaniangalia kama ng'ombe aliyekonda mnadani. Jumamosi wanacheza na Malampaka, mshindi anakwenda Mwanza. Kasema nikiwaharibia, nitafute timu nyingine ya kusumbua. Na meneja wa Malampaka ni nani? Dastan! Yule wa Bagalu, kundi pinzani, aliyenishinda kwenye ngoma ya mavuno mwaka jana.

Alhamisi, 12 Juni
Kwenye ngoma, makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, na lililovuta watu wengi ndilo lililoshinda. Sijui Ng'washi anahangaikia magoli ya nini. Nimeazima spika sokoni, nikatangaza watu waje Jumamosi kuwaonea huruma walemavu. Ng'washi kaja mbio, kavuka mchanga wote wa stendi bila kusukumwa. Kasema ameonewa huruma akifichwa nyuma ya nyumba ya mama yake tangu utotoni. Uwanjani ndiko alikopigwa kikumbo mara ya kwanza bila mtu kumwambia pole, na hatakubali kurudishwa nyuma ya nyumba. Kazima spika. Shukrani hakuna.

Ijumaa, 13 Juni
Nimekwenda Sapiwi kwa mganga. Kanipa dawa ya kuvuta watu, ile ile ya ngoma, imechanganywa na samli. Nipake kila mahali wachezaji wanaposhika. Dastan atalia.

Jumamosi, 14 Juni
Nimepaka magurudumu yote asubuhi. Mchezo ukaanza, viganja vikateleza. Elina, mshambuliaji wetu, kazunguka palepale kama kuku aliyefungwa mguu. Malampaka wakafunga walivyotaka. Lakini watu! Wamejaa upande wetu, wanacheka mpaka machozi. Nikamwita Dastan ahesabu watu. Akaniuliza kama nimeona ubao wa magoli. Ubao wa nini?
Ng'washi kanusa viganja vyake, kisha kaniangalia. Mapumziko wamesugua magurudumu kwa mchanga na kanga ya Elina, wakarudi na hasira zao zote juu yangu. Ng'washi kagongwa, kaanguka na kiti chake, kainuka mwenyewe akicheka. Kafunga goli la ushindi mwishoni kabisa. Nikajikuta nimesimama juu ya benchi, napiga kelele, nimesahau hata kuangalia watu.

Jumapili, 15 Juni
Ng'washi kanifukuza mbele ya timu nzima. Kwa Kisukuma, ili nielewe vizuri. Wanakwenda Mwanza bila mimi, na watu walijaa kwa dawa yangu! Walemavu hawa wana kiburi.
Nasikia Malampaka nao wamemfukuza Dastan kwa kufungwa. Kesho nakwenda kujiteua huko. Nimeshaagiza samli, safari hii ndoo nzima. Jana ilikuwa kidogo.