Vita vya Kisu cha Kukunja, na Jinsi Karani wa Vifurushi Alivyolishinda Chungwa

Tegeni masikio, enyi mliozoea habari za majemadari na ngome zilizobomolewa. Wekeni kando kazi za mikono yenu, zimeni redio, mkawanyamazishe na watoto, kwa maana jambo ninalolileta mbele yenu si la kusikilizwa kwa sikio moja. Wengine na waimbe mikuki na farasi. Mimi nitanena habari za mtu mmoja, karani wa vifurushi, mwenye suruali iliyonyoshwa vema na mifuko isiyo na kitu, aliyeinuka katika utu uzima wake akatoka kwenda kuchagua kisu kidogo cha kukunja, cha kutembea nacho kila siku. Na jinsi alivyotaabika kwa ajili yake, akakonda, akapoteza usingizi, hata mwisho akajipatia ushindi ambao wajukuu wa wajukuu wake watausimulia, iwapo siku hiyo watakuwa hawana la maana la kufanya.

Chanzo cha vita kilikuwa hiki. Katika ofisi ya vifurushi ilikuwako sheria ya tangu zamani, kwamba kila mzigo ufunguliwe na kukaguliwa mbele ya macho ya mwenyewe. Na mizigo yote huja imefungwa kwa kamba ya katani, mafundo juu ya mafundo, kana kwamba ndani yake mmefungwa jini. Karani ndiye aliyewekwa kuifungua. Naye, huyo mfunguzi mkuu, huyo mvunja-mafundo aliyeajiriwa kwa kazi hiyo na si nyingine, hakuwa na kisu.

Basi kila asubuhi, mzigo wa kwanza ulipotua mezani, aliugeuza uso wake kuelekea kushoto, mahali alipoketi Mama Mizani, mwanamke mpana wa mabega na mwepesi wa ulimi, mtunza kipimo, naye akalitamka neno lake moja.

“Niazime.”

Mama Mizani alikuwa na kisu cha kukunja kilichochakaa, amekifunga katika ncha ya leso yake. Alikitoa bila kuinua macho.

“Na ukirudishe. Jana nimekutafuta mpaka nikachoka.”

“Nitakirudisha, mama.”

“Wewe bwana, tai unayo, kalamu unazo, kitana unacho. Kisu huna. Mwenzio alikupendea nini?”

Watu wakacheka, kamba ikakatika, na kesho yake ikawa vivyo hivyo. Ndipo Mama Mizani, mbatizaji asiyetumwa na kanisa lolote, akampa karani jina jipya, akamwita Bwana Niazime. Jina likashika. Mlinzi wa geti alilipokea kwa furaha, wenye mizigo wakalichukua pamoja na mizigo yao, likapanda magari, likavuka mji; na kwa kuwa jina baya halihitaji kuonyeshwa njia, likafika lenyewe hata nyumbani kwa mama mkwe wake.

Ikawa jioni moja, karani ameketi mezani kwake, mkewe akamletea habari.

“Mama kapiga simu.”

“Hajambo?”

“Hajambo. Anauliza, Niazime hajambo?”

Kijiko cha karani kilisimama hewani.

“Amesema nani?”

“Amesema Niazime. Wala hakucheka. Anadhani ndilo jina la ukoo wenu.”

“Nawe ukamwambiaje?”

“Nimwambie nini? Nikasema hajambo.” Mke alikisogeza kikombe upande, akakirudisha. “Lakini kuna aliyemweleza maana yake. Anakuja Jumapili, analeta machungwa. Anasema atakupa moja mkononi, aone mwenyewe kama binti yake aliolewa na mwanamume au na mwombaji. Mume wangu, mimi nilipokubali jina lako nilikubali moja tu. Sitaki kuzikwa mke wa Niazime.”

Mtu mwenye akili timamu angekwenda dukani kesho yake, akanunua kisu cha kwanza alichokiona, na mimi ningekuwa sina kisa. Lakini karani alisimama, akakiinua kijiko kama fimbo ya enzi, akafungua kinywa chake akanena:

“Sikia, ewe mwenzi wa siku zangu! Naapa kwa meza hii na kwa yote yaliyo juu yake, sitakula kwa raha wala kulala kwa amani mpaka nimekipata kisu kistahilicho mkono huu. Hakitakuwa kirefu cha kutisha, wala kifupi cha kuchekesha. Nacho hakitaonja kitu chochote kabla ya chungwa la mama yako!”

“Kaa ule,” mkewe akasema. “Chakula kinapoa.”

Tazama sasa, shujaa anaingia uwanjani. Uwanja wenyewe ulikuwa duka la vyuma, lenye ndoo zilizopandana mlangoni na harufu ya mafuta ya mashine, na nyuma ya sanduku la kioo alisimama mwenye duka, mtu wa maneno machache na ukucha mmoja wa dole gumba mgumu kama gome la mti. Na duka lile lilikuwa na sheria yake. Zamani mteja mmoja alijaribu kufungua kisu mwenyewe, akajikata, akamwaga damu juu ya kaunta, kisha akaondoka bila kununua. Tangu siku hiyo mteja hakuruhusiwa kukunjua kisu. Mwenye duka aliingiza ukucha wake katika ule mfuo mwembamba ulio ubavuni mwa bapa, akakivuta kisu kikanyoka, akakilaza juu ya kitambaa. Nawe ulikitazama, ulikishika mpini ukitaka, ukakirudisha kikiwa wazi vile vile. Likumbukeni jambo hili. Shujaa wetu hakulitia moyoni hata kidogo.

Wa kwanza kuletwa mbele yake alikuwa jitu lenye viungo vingi, kisu kilichobeba bisibisi, mkasi, msumeno wa kukatia vijiti, kifungua chupa, na kijindoano kimoja kilichojikunja mkiani.

“Na hiki ni cha nini?” karani akauliza.

“Hata mimi sijui. Wateja wanakipenda.”

Karani akakipima mkononi, akaona ni karakana nzima, akakirudisha. Wa pili alikuwa na springi kali, aliyeguswa kidogo tu akaruka wazi kwa mlio, na shujaa wetu akaruka pia, akajikuta ameegemea ndoo. Akajikung’uta, akasema kwa heshima kuu kwamba chombo kile kingemtia mashakani kwa mlinzi wa geti. Wa tatu alikuwa na mpini wa mti, mpana, wa kupendeza. Karani aliomba kukijaribu kikiwa kimekunjwa, akakitia mfukoni, akatembea mbele ya duka kwenda na kurudi, huku suruali ikimlemea upande mmoja, mfano wa mtu aliyeiba jiwe.

“Bwana,” mwenye duka akaita, “unakagua kisu au unakagua mwendo?”

“Nakagua uzito.”

“Sawa. Unataka kukata nini hasa?”

Swali lile lilikuwa rahisi kama mlango ulio wazi, naye karani akalizunguka akitafuta dirisha.

“Lolote litakalotokea,” akasema mwisho.

“Kama nini?”

“Mtu hawezi kujua. Ndiyo maana ya kujiandaa.”

Akaondoka bila kununua. Akarudi. Akaondoka tena. Kati ya kuondoka na kurudi, alijifunza katika simu yake maneno ya wanaume wa mbali wasiojulikana, wanaobishana usiku na mchana juu ya aina za chuma na pembe ya makali, ambao ukiwatazama mikono hutaona hata mmoja aliyekata zaidi ya bahasha. Wao kwa wao walitukanana kwa ajili ya mpini. Karani aliwasoma kama mtu asomaye wosia. Na kadiri alivyosoma ndivyo vidole vyake vilivyopanda kinywani, kwa kuwa alikuwa na tabia hiyo tangu utotoni. Akaguguna ukucha wa kidole cha shahada, akaguguna wa kati, akahamia mkono wa pili.

“Utamaliza vidole,” mkewe alimwambia. “Nunua kimoja, yaishe.”

“Jambo hili halitaki pupa.”

“Lina pupa gani? Jumapili si hiyo inakuja?”

Hatimaye akachagua. Kilikuwa kisu chembamba, mpini mweusi, urefu wake kikikunjwa haukuzidi kidole, chepesi hata mfuko haukukisikia. Mwenye duka alipokikunjua, hata yeye alikunja uso kidogo.

“Hiki springi yake ngumu,” akaonya. “Kimebana.”

Karani aliyapokea maneno hayo kama sifa. “Kilichobana ni kiaminifu,” akajibu. “Chombo kinachomfungukia kila mtu kina faida gani?” Nacho kikakunjwa, kikafungwa katika kitambaa chenye mafuta, kikaingia mfukoni mwake mithili ya mfalme aingiaye mji alioutwaa.

Mngedhani mateso ya Mama Mizani yalikoma hapo. La hasha. Kesho yake mzigo ukatua, na karani, kwa kuwa alikuwa amekula kiapo kwamba kisu chake hakitaonja kitu kabla ya chungwa, akageuka kushoto.

“Niazime.”

Mama Mizani akabaki na jiwe la mizani mkononi.

“Si nimesikia umenunua?”

“Nimenunua.”

“Kiko wapi?”

“Mfukoni.”

“Sasa?”

“Kinasubiri.”

“Kinasubiri nini, bwana? Harusi?”

Ofisi nzima ililala mezani kwa kicheko, na karani akazikata kamba za watu kwa kisu cha kuazima, huku chake kikimgusa paja. Huo ndio upumbavu uliovaa joho la nadhiri, na mimi nimeuona kwa watu wenye vyeo vikubwa kuliko yeye.

Hata ilipofika Jumapili, mama mkwe akaja. Aliketi kwenye kiti kilichotazama mlango, akaweka kikapu miguuni, akamjulia hali kila mtu kwa jina lake isipokuwa mkwewe, ambaye alimwita “mkwe” na kuishia hapo. Kisha akainama, akachagua chungwa kubwa lenye ganda nene, akaunyosha mkono.

“Mkwe, nimenyee.”

Mke aliinuka ili akalete kisu cha jikoni. Karani akamrudisha mezani kwa kiganja kilichoinuliwa, akasimama katikati ya chumba, akanena:

“La, usijisumbue, mke wangu! Siku hii imengojewa. Mama, yako maneno yaliyosemwa juu yangu katika miji na masoko. Leo maneno hayo na yanyamaze mbele ya chuma!”

“Chungwa, mkwe,” mama akasema.

Akakitoa kile kitambaa, akakifunua kunjo kwa kunjo, na kisu cheusi kikang’aa mkononi. Akalitafuta lile bapa kwa dole gumba lake, akauona mfuo, akaingiza ukucha wake. Hakukuwa na ukucha. Akajaribu kidole cha pili, na cha tatu, na mkono wa kushoto. Vyote vilikuwa butu, laini kama mishumaa, kucha zimeliwa mpaka nyama. Dole likateleza. Akalifuta kwenye shati, likateleza tena. Akakigeuza kisu akakiuma, jino likalia, kisu kisisogee. Kile kilichobana kilikuwa kiaminifu kweli kweli.

Mama mkwe alitazama, kichwa ameinamisha upande.

“Kinaumwa?” akauliza.

Ndipo mama akayaondoa macho yake kwa mkwe, akayahamishia kwa binti yake, akamtazama kama mtu anavyomtazama mwanawe aliyemwacha asubuhi akiwa mzima na kumkuta jioni na homa. Mke aliyaona macho yale, akashusha yake sakafuni. Na karani akaona vyote viwili. Jasho likamshuka hadi kwenye tai. Akaketi karibu na mkewe, akainama hata sikioni mwake, na kwa sauti ya mtu anayetoa roho akasema:

“Niazime ukucha.”

“Amesema nini?” mama akauliza.

“Anasema ahsante kwa machungwa, mama,” mke akajibu, bila kupepesa jicho.

Akauteremsha mkono wake chini ya meza, akakipokea kisu katika upindo wa nguo yake, akaingiza ukucha wa dole gumba, akavuta. Ta! Kikarudi mkononi mwa mume kikiwa wazi, na karani akakiinua juu kana kwamba kimetoka hivyo tumboni mwa mama yake.

Akalimenya chungwa. Alilimenya vibaya, akaondoa ganda pamoja na nusu ya nyama yake, maji yakamtiririka hadi kwenye kiwiko, lakini alilimenya. Mama mkwe akapokea kilichosalia, akakila polepole, akatema mbegu kiganjani.

“Kumbe anacho,” akasema.

“Anacho, mama.”

“Basi nisimsikie mtu tena akimwita jina lile.” Akaitazama mikono ya binti yake iliyokuwa ikipangusa maji mezani. “Nawe usikate kucha hizo.”

Hivyo ndivyo lilivyoanguka Chungwa, na ndivyo lilivyofutwa Jina. Pigeni baragumu, enyi wenye baragumu. Chongeni mawe ya ukumbusho, enyi mafundi msio na kazi ya maana. Mwandikeni karani katika safu ya washindi, kifua mbele, chuma mkononi. Ule ukucha asiuandike mtu, maana historia za mashujaa hazina nafasi kwa mambo kama hayo, na wenyewe ulikuwa umekwisha kwenda jikoni kuosha vyombo. Naye mshindi, kesho yake, alifika ofisini mapema kuliko watu wote, akaketi wima, mkono mmoja mfukoni juu ya kisu chake, na mzigo wa kwanza ulipotua hakugeuka kushoto. Aliinama juu ya mafundo, akaanza kuyafungua moja moja kwa vidole vyake butu, kwa saburi ya mtakatifu, akizingoja kucha zake ziote.