Paka Walionifuata Mbioni

Leo nimeaibika mbele ya mji wetu mzima wa Amu, yaani Lamu. Waliokuwako wameona, na wasiokuwako wamekwisha hadithiwa. Naandika mwenyewe kabla hawajatia chumvi.

Nianze na goti.

Mwalimu Mutua, mtu wa bara anayetufundisha hesabu na michezo, alitwambia tangu mwanzo wa muhula: wawili kati yetu watakwenda Mombasa kwa mashindano, mbio za maili moja. Mimi kusema mbele ya watu siwezi, lakini kukimbia naweza. Na Mombasa yuko mama. Aliolewa huko, huu mwaka wa tatu sijamwona. Basi kila siku baada ya sala ya alfajiri nikawa nakimbia peke yangu mchangani, hadi Shela na kurudi. Siku nyingine mara mbili. Wiki iliyopita goti la kulia likaumuka kama andazi.

Mwalimu alishatuonya. "Kiungo kikiuma, niambie. Usifiche." Nikaficha. (Ukisema unaumwa, si utaachwa?) Tena nilikuwa nimekwisha mwandikia mama: Ijumaa nitashuka na basi, nisubiri kituoni. Barua ilikwisha vuka maji hadi Mokowe, yaliko mabasi.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kuchaguliwa. Mwalimu alisema tule chakula chepesi, ndizi na chai, tena mapema. Nyanya hakumsikia mwalimu. Aliniwekea mikate mitatu ya mofa, samli inaelea, na bakuli la nyama, akaniita.

"Ndoo ule, mwanangu. Mtu hakimbii na ndaa."

"Nyanya, mwalimu amesema..."

"Mwalimu wako amekuzaa? Kula."

Nikala yote. Ningekataaje? Karibu na mlango alikuwa amesimamisha mkeka mpya wa Kipungani, ameukunja na kuufunga kamba, nimpelekee mama. Mama ni bintiye. Tangu aondoke, nyanya hamtaji jina. Alichotaja ni mkeka tu, usije ukapata maji njiani. "Usilowe mayi ndiani."

Halafu nikafanya nililofanya. Ukumbini kuna kopo la mjomba, fundi wa mashua. Ni mafuta ya papa, anayopaka mbao za chombo zisikauke zikapasuka. Nikafikiri (nilifikiri kweli, sikukurupuka): ikiwa yanalainisha mbao, goti ni nini? Nikapaka. Nikarudia. Nikapaka na la kushoto, lisione wivu.

Aliyewahi kunusa mafuta hayo amekwisha nihurumia.

Kutoka kwetu Mkomani hadi uwanjani ni vichochoro vitupu, na kila kichochoro kina paka wake. Wa kwanza nilimfukuza. Wa pili akaja na ndugu zake. Nilipopita penye wauza samaki, paka waliokuwa wakigombania matumbo ya samaki waliyaacha, wakanifuata mimi. Matumbo! Nimewahi kuona aibu maishani, lakini si ya kuongozana na msafara.

Uwanjani wenzangu walikuwa wakipasha mwili moto, wakikimbia polepole, wakinyoosha miguu. Mimi nikasimama mbali kwa ajili ya harufu. Tena ningechuchumaa, goti lingeonekana. Tukaitwa kwenye mstari, mwili wangu baridi, tumbo limejaa, paka sita nyuma yangu wamekaa kwa adabu kama wanangoja kuhesabiwa.

"Hawa paka ni wa nani?" akauliza Mwalimu Mutua.

Nikatazama mbele, kana kwamba siwajui.

"Ni wa Bwana Papa!" akajibu Faraji, mwenzangu wa dawati, jamaa asiyeweza kuficha jambo. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Hata wazee waliokaa kivulini walishika mbavu.

Filimbi ikalia. Mzunguko wa kwanza niliongoza. (Si mbio zile, ni kuikimbia aibu.) Mzunguko wa pili ile mofa ikaanza kupanda. Wa tatu goti likawa moto. Nikasema moyoni, mama yuko kituoni, mama yuko kituoni. Mzunguko wa mwisho, paka mmoja wa rangi ya majivu, aliyekuwa ameningoja kwenye kona, akajitia baina ya miguu yangu. Nikamkwepa. Goti halikukwepa. Nilisikia likilia "ka!", nikaanguka kifudifudi, na samli ikarudi ilikotoka.

Kabla mtu hajanifikia, paka walikwisha fika. Wakanilamba goti. Wote sita. Watu wakacheka mpaka wakalia, na mimi nikalia bila kucheka.

Mwalimu akapiga magoti, akanusa. "Umepaka nini?"

"Mafuta ya papa, mwalimu."

"Ya dawa?"

"Ya mashua."

Hakucheka. Akafuta mafuta kwa leso yake, akaona uvimbe. "Hili limeanza lini?"

"Wiki iliyopita."

Akaikunja leso. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Wewe nilikwisha kukuandika kwenye orodha. Leo nilikuwa natafuta wa pili tu. Ungeniambia siku ile, ungepumzika, na Ijumaa ungepanda basi."

Hapo ndipo nilipoumia. Goti halikuwa kitu.

Nimeletwa nyumbani kwa punda. Nyanya ameniwekea kitambaa cha maji baridi na mguu juu ya mto, kama alivyoagiza mwalimu. Ameutazama mkeka, akaenda jikoni, akakaa huko muda mrefu, na hapakuwa na kitu motoni.

Jioni amekuja Faraji. Amechaguliwa. Nilidhani amekuja kunicheka, kumbe amekuja kuuchukua mkeka niliomsimulia dawatini.

"Mama yako nitamjuaje?"

Nikamwambia, "Mkishuka nyote, atakuwa yeye anayeangalia nyuma yenu kama kuna mwingine."

Akaubeba mkeka begani, akatoka bila mzaha hata mmoja. Ningependa angefanya mmoja.

Basi nawaomba msinicheke. Hata paka, ambao ndio walioniangusha, hawakucheka. Na yule wa rangi ya majivu bado amekaa kizingitini, akidhani nina samaki.