Kuhusu Kukataliwa kwa Kompyuta Yangu ya Kilo Tatu na Robo

Mheshimiwa Mkuu wa Shule ya Ukunga,

Natumaini barua hii inakukuta umeketi, maana si fupi, na mwandishi wake ana hasira ya siku tatu. Mimi ni muuguzi msaidizi wa wodi ya wazazi. Nimepokea watoto kwa miaka ishirini na sita, na huku wodini hakuna anayeniita kwa jina langu. Wananiita Mama Mizani, kwa sababu siamini neno la mtu yeyote kuhusu mtoto mpaka nimempima mwenyewe.

Kama ujuavyo, utaratibu mpya unasema kuanzia mwaka ujao asiye na stashahada hatapokea mtoto tena. Atapelekwa stoo ya mashuka. Nikaomba nafasi shuleni kwako, nikapata, nikalia kidogo chooni, nikanawa uso, nikarudi kazini. Usajili unafungwa kesho Ijumaa. Kilichosimama kati yangu na mashuka ni karatasi yenu ya Mahitaji ya Kompyuta Mpakato kwa Mwanafunzi, na Jumatatu kijana wa Dawati la Tehama alikataa katakata kuigongea muhuri kompyuta niliyoichagua kwa mikono yangu. Naomba nieleze malalamiko yangu kwa mpangilio, kama tunavyojaza kadi.

1. Uzito. Karatasi yenu inasema kompyuta isizidi kilo mbili. Nilipoisoma nilidhani ni kosa la mchapaji. Mheshimiwa, wewe ulikuwa mkunga kabla hujawa mkuu. Chini ya kilo mbili na nusu tunaandika kwa kalamu nyekundu. Chini ya mbili tunamwita njiti, na hatumwachi peke yake hata dakika. Sasa shule nzima ya ukunga, yenye walimu na bango getini, inawaamuru wanafunzi wakanunue njiti?

Nilikwenda kwa fundi anayeuza kompyuta za mtumba, nikiwa na binti yangu aliyesoma mambo hayo. Nilibeba pia mizani yangu ya kuning'iniza, ile yenye mfuko wa kitambaa. Nikazipima zote tisa alizokuwa nazo, moja baada ya nyingine, na kuandika. Binti yangu alisogea kwenye rafu ya chaja, akawa kama mtu aliyeingia dukani peke yake. Aliporudi kuninong'oneza kwamba siku hizi nyepesi ndiyo bora, nikamwambia, "Nyamaza, wewe mwenyewe ulizaliwa kilo nne."

Nikachukua ya kilo tatu na robo. Nilipoiwasha ililia papo hapo, kwa sauti kali, bila kusuguliwa mgongo. Ilikuwa na joto zuri. Ilipumua kwa nguvu, hata ukisimama mlangoni unaisikia. Niliipa alama tisa kati ya kumi, kama tunavyompa mtoto dakika ya kwanza. Ile moja niliipunguza kwa sababu ya rangi, maana ilikuwa na ukijivu pembeni. Na jina mmelitoa nyinyi wenyewe: mpakato. Kinachopakatwa ni mtoto. Ukipakata kitu kisicho na uzito, utajuaje kama kimeanguka?

2. Umri. Mnataka kompyuta isizidi miaka mitano. Yangu ina kumi na mmoja. Kijana alipoona mwaka ulioandikwa chini yake alimwita mwenzake aje atazame, kama tunavyoitana sisi wakizaliwa mapacha watatu. Naomba kuuliza kwa adabu: kama miaka kumi na mmoja ni uzee, mimi wa hamsini na mbili mmenipokea kwa kigezo gani? Nilimkumbusha kijana kwamba ng'ombe hazeeki maini. Akanijibu kwamba wao hawaangalii maini, wanaangalia prosesa.

3. Betri. Inatakiwa ikae saa nane bila kuchomekwa ukutani. Yangu inakaa dakika thelathini na tano, na hapo siitetei, ni mvivu. Lakini hata mimi siku hizi nikisimama dakika thelathini na tano natafuta ukuta wa kuegemea, na bado hakuna aliyenirudisha kwa fundi.

4. Kumbukumbu. Mnataka gigabaiti nane, yangu ina mbili. Sijui mimi ninazo ngapi. Juzi niliingia stoo nikasahau nimefuata nini, nikatoka na ufagio ili nisionekane nimeingia bure, ikabidi nifagie korido nzima. Lakini wako kina mama walionishika mkono wakaukaza miaka ishirini iliyopita, na nikikutana nao sokoni nawataja, na watoto wao nawataja kwa uzito waliozaliwa nao. Hilo nalo sijui mnalipima kwa gigabaiti ngapi.

5. Kamera. Nimeambiwa programu yenu ya mitihani inamtazama mwanafunzi usoni na kuandika kosa kila akigeuka au akichezesha midomo. Kijana alinijaribisha kwa maswali kumi kwenye kompyuta yake. Iliandika makosa kumi na saba, ikaripoti pia kwamba chumbani kuna mtu wa pili. Hakuna mtu wa pili, Mheshimiwa. Ni mimi na mimi. Kazi yangu yote nimeifanya nikisema haya mama, pumua, bado kidogo, na nikifunga mdomo akili nayo inafunga. Kwenye swali la nne nilijikuta naiambia kompyuta isukume.

6. Kijana mwenyewe. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Hakunijibu kwa jeuri. Angenijibu kwa jeuri ningejua pa kuanzia, maana nimekwisha kuwanyamazisha madaktari, seuze yeye. Alinivutia kiti. Akangoja nimalize kueleza habari za uzito, mwanzo hadi mwisho, bila kucheka, kisha akasema taratibu, "Mama, hii haitafungua hata somo la kwanza. Niruhusu nikusaidie."

Nisaidiwe mimi. Mimi ndiye ninayesaidia watu. Niliinuka, nikachukua mtambo wangu, nikashindwa kuurudisha kwenye mfuko mara mbili nzima. Nilimwambia ni uzito.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, naomba mambo machache tu. Karatasi irekebishwe, na uzito wa chini uwe kilo mbili na nusu. Kompyuta yoyote chini ya hapo iwekwe chumba chenye joto na itazamwe kila baada ya saa tatu. Wanafunzi ambao wameshanunua nyepesi wasiadhibiwe, walikuwa hawajui.

Kama hilo ni gumu, basi futeni kompyuta kabisa. Nileteeni mtahini wodini, akae kwenye kiti siku moja, mimi nitazungumza ninavyotaka na yeye aandike makosa anavyotaka.

Na kama hilo nalo haliwezekani, naomba Dawati zima la Tehama liletwe kwetu kukaguliwa kwa karatasi yetu. Tutawapima. Tutawaangalia rangi. Tutaona nani kati yao anakaa saa nane bila kuegemea ukuta.

Najua wapo watakaosema mzoea punda hapandi farasi. Wacha waseme. Huyo punda ndiye niliyemtumia kufika hapa.

Nisalimie walimu wote, wapishi, na karani wa mapokezi mwenye sauti nzuri. Msalimie kwa namna ya pekee mlinzi wa getini, aliyenibebea mtambo kupanda ngazi mbili akaishia kushika kiuno. Mwambie akikande kwa maji ya moto.

Wako mtiifu, isipokuwa kwenye suala la kilo,

Mama Mizani
Wodi ya Wazazi

Tanbihi: Kuna jambo dogo sikulitaja. Jumatatu ileile kijana alinikimbilia hadi getini na kompyuta ya shule, ya kuazima mpaka nimalize masomo, na karatasi yangu akaigonga muhuri pale pale juu ya ukuta. Kwa hiyo nimesajiliwa tangu siku hiyo. Kompyuta yenyewe ilikuwa ndani ya boksi lake, chini ya kitanda changu. Sikuifungua. Nilikuwa nakuandikia wewe.

Leo asubuhi nimeitoa nikaipima. Kilo moja na gramu mia tatu. Nimerudia mara mbili, ni hivyo hivyo. Sasa, Mheshimiwa, wewe unajua na mimi najua: mtoto wa uzito huo hatumrudishi alikotoka. Anafungwa kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, mpaka ashike joto. Na wapo kina mama wanaokataa kumshika, wanasema ni mdogo mno, ataumia. Mimi ndiye ninayetumwa kuzungumza nao. Huwa nawaambia mtoto hana woga wowote, mwenye woga ni wewe mama, na woga si dhambi, mshike hivyo hivyo.

Basi nimeifunga kifuani kwa kitambaa, nikatembea nayo sebuleni huku na huku. Binti yangu ameniona. Amekwenda kuvuta pazia ili majirani wasione. Mpaka saa hii haijaongezeka hata gramu moja.

Jumatatu ijayo nitakuja nayo darasani. Naogopa sana. Nitakuja mapema nikae mstari wa mbele, kabla miguu haijanigomea.